Mwalimu Aliyempa Kila Mtu Damu

Mwalimu wangu wa biolojia alikuwa na tabia ya kukuuliza kundi lako la damu kabla hajakuuliza habari za nyumbani. Unaweza kuwa unatoka kituo cha kuuzia majani chai, kikapu mgongoni, mvua inakuja mbio kutoka upande wa Nyaramba, naye anakusimamisha katikati ya njia. "Wewe ni nini?" Hakuwa akiuliza ukoo. Ukimjibu hujui, anatikisa kichwa kwa masikitiko, utadhani umemwambia hujui jina la mama yako. Ukimjibu B, anafurahi, maana B kwetu si wengi kama O. Na usipomuuliza lake, atakuambia mwenyewe. Alikuwa O hasi. Aliitamka kama wengine wanavyotamka cheo.

Alinifundisha nikiwa kidato cha pili. Baadaye nikaolewa huko huko kwetu Gesima, boma linalopakana na lake, na nikapata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule ileile iliyonilea. Kwa hiyo nimemwona ubaoni, nimemwona katika chumba cha walimu, na nimemwona akiwafukuza kuku wake kutoka kwenye mboga zangu huku akiniomba radhi kwa niaba yao. Ninayoyaandika hapa niliyashuhudia. Na nikionekana nina uchungu, ni kwa sababu ninao.

Kama mwalimu, sijaona wa kumshinda. Somo la damu alilifundisha bila kufungua kitabu. Alisema kila mtu ana boma, na kila boma lina mbwa mlangoni. Seli za A zina harufu yao, za B zina yao, za AB zina zote mbili, na za O hazina hata moja. Mbwa wa boma la A wanamjua A, lakini akija B wanamrukia, wanamshika, na kilichoshikwa kinaganda vibonge ndani ya mishipa mpaka mtu anakufa. O akija, mbwa wananusa, hawapati kitu, wanalala tena.

"Na mbwa wa O mwenyewe, Mwalimu?" tulimuuliza.

"Ah! Hao ni wakali. Hao wanamrukia kila mtu asiye O."

Halafu alituongezea alama nyingine, ile inayomfanya mtu awe chanya au hasi. Asiye nayo ni hasi, na huyo akipewa damu chanya, mbwa wake hujifunza kubweka, na siku nyingine hawanyamazi. Hapo ndipo alipojigonga kifuani kwa kipande cha chaki, akaacha alama nyeupe kwenye sweta. "Kwa hivyo mimi naweza kuwapa nyinyi wote mlio hapa. Lakini nikianguka mimi, wengi wenu mtanitazama tu." Tulicheka. Tulikuwa watoto, na mwalimu kuanguka ni jambo la kuchekesha.

Na kweli alitoa. Hili siwezi kumnyima, hata leo. Watu wa benki ya damu walipokuja shuleni na vitanda vyao vya kukunja, yeye ndiye aliyelala wa kwanza, akakunja mkono wa shati, akawaita wasichana waliokuwa wakijificha nyuma ya maabara waje waone kwamba mtu hafi. Aliambatana na watu hao shule kwa shule, mpaka Nyaramba, mpaka ng'ambo ya mto, anakunywa soda ile wanayompa mtoaji na kusema ndiyo mshahara wake mtamu kuliko wote. Alijua jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba damu ya hospitali zetu inatoka kwa watoto wa shule, na shule zikifungwa, friji zinabaki tupu. Kila likizo ilipokaribia alikuwa akitembea na wasiwasi. "Desemba mtu asiumwe," alikuwa akisema. Umri wa kutoa ulipompita, alikasirika wiki nzima, hakumsalimia mtu.

Wapo watu wanaotembea leo Kisii na Nyamira kwa sababu yake, na wengi hawamjui. Mkewe alimwomba kitu kimoja tu, nacho hakikuhitaji hata sindano. Alimwomba sentensi moja. Hiyo hakuitoa.

Lakini nikimbilia huko nitamwonea, kwa sababu alikuwa pia mtu wa kuchekesha. Kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa letu la Sabato, mtu mzito wa maneno na wa mwili, alimjia siku moja na swali zito. Je, Msabato akiongezwa damu ya Mkatoliki, na huyo Mkatoliki anakula nguruwe, nguruwe hajaingia? Tulikuwa uani tunachambua mahindi. Mwalimu hakucheka. Alifikiri, akasema, "Nguruwe anaishia tumboni, kaka. Damu haisomi Mambo ya Walawi." Kaka yake naye akacheka mpaka akashika ubavu. Nilipenda sana siku ile. Niliona mtu mwenye akili anaweza kuishi na watu wake bila kugombana nao.

Nilikuwa sijaelewa bei yake. Hakugombana na mtu kamwe, hiyo ni kweli, na mwanzoni nilidhani ni upole. Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, aliyekuwa akianguka anguka gwarideni. Mwalimu mkuu wa wakati huo alishaamua ni mimba. Mwalimu wangu alimvuta msichana kope za chini, akaangalia, akaniambia tukiwa kwenye ukumbi, "Mtoto huyu hana mimba. Hana damu. Angalia macho yake, meupe pe." Tukaingia mkutanoni. Mwalimu mkuu akasema msichana aende nyumbani. Mimi nikasema apimwe kwanza. Nikamgeukia yeye aniunge mkono, naye alikuwa akisafisha miwani yake kwa ncha ya tai. Aliisafisha mpaka mkutano ukaisha. Jumapili yake akatembea kwa miguu mpaka kwao msichana yule, amebeba maharagwe na vidonge vya kuongeza damu alivyonunua mwenyewe.

"Mwalimu, si ungesema pale?" nilimuuliza.

"Ningesema. Lakini mkutano ulikuwa umeshafika mbali."

Ndivyo alivyokuwa. Wema wake ulipita mlango wa nyuma. Mkiwa wawili angekuambia ukweli mpaka ukaogopa; mkiwa watano anapunguza; mkiwa umati anaomba apewe muda. Hata darasani, kabla ya kusema jambo la hatari, alikuwa akitupa jicho dirishani kuona nani anapita. Siku niliyomwona akifanya hivyo waziwazi ni siku msichana mmoja alipomuuliza kuhusu amasangia.

Asiye wa kwetu hatajua hilo ni nini. Wazee wetu wanasema kwamba mke akitoka nje ya ndoa, kisha mumewe akaumia au akaugua, mke huyo asimkaribie. Akimkaribia, akimgusa, akimpa hata maji, damu ya mgonjwa itamwagika isizuilike, na atakufa. Mpaka mke akiri, na atafutwe mtu wa kuwasafisha kwa dawa. Watu wengi wanaikana wakiwa na afya. Katika wodi, ndugu akiwa amelala hapo rangi imemtoka, utashangaa ni wangapi wanaikumbuka.

Mwalimu aliangalia dirishani, akaona hakuna mtu. "Damu haijui nani alilala wapi," akasema. "Damu inajua alama zake tu. Hayo mengine ni woga wa wanaume." Tulipiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mtu mwingine, nikamhubiria mama yangu mpaka akanifukuza jikoni.

Mkewe alitoka Suneka. Tulimwita Mama Kerubo, kwa jina la binti yao wa pekee. Alifundisha watoto wa chekechea, na alikuwa na kicheko unachokisikia kabla hujamwona mwenyewe. Mwalimu alipenda kusimulia jinsi walivyopatana: wote wawili wakiwa vijana kazini, yeye akipima walimu wenzake kundi la damu kwenye maabara ya shule, akatia tone la yule msichana wa Suneka kwenye kioo, akaona halishikani na dawa yoyote. O hasi. "Nilisema huyu ni wangu," alikuwa akisema. "Sisi tulilingana kwenye kioo kabla ya kulingana kanisani." Mama Kerubo alikuwa akimkata: "Danganya watu tu. Ulikuwa umeshaniangalia kabla ya hicho kioo." Na yeye anaona haya, mzee mzima. Waliishi vizuri. Nimekaa karibu na ua wao, sauti zinavuka, na sikuwahi kusikia la kuficha.

Kerubo naye alikuwa O hasi, hangeweza kuwa kitu kingine kwa wazazi wale. Lakini mwaka ninaousimulia alikuwa Katari, anafanya kazi za nyumbani kwa watu.

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, aliamua kukata mikaratusi yake auze nguzo. Vijana wenye msumeno walijua kazi yao, lakini yeye lazima awaelekeze mti utaangukia wapi na kwa nini. Mti haukusikiliza. Ulimbana paja, mfupa ukavunjika, na damu ikawa nyingi hata nyasi zikateleza. Tulimpakia kwenye gari la jirani, mimi nimeshika kichwa chake, Mama Kerubo amemfunga paja kwa leso yake mwenyewe na kuikaza kwa mti, jinsi yeye Mwalimu alivyotufundisha sote.

Hospitalini Kisii, sista wa zamu alipima, akarudi haraka. O hasi hawakuwa nayo. Wangepiga simu Kisumu, lakini mpaka ifike, hakuahidi kitu. Je, kuna ndugu wa kundi hilo? Mama Kerubo alikuwa ameshakunja mkono wa gauni. Alikuwa na kadi ya mtoaji ndani ya mkoba, aliitoa.

Hapo ndipo kaka mkubwa aliposimama mbele ya mlango. Nyuma yake walikuwa wadogo zake, binamu, na watu wa kanisani waliokuwa wameshafika, maana kwetu habari ya ajali inakimbia kuliko gari.

"Mama Kerubo, wewe kaa hapo nje kwanza."

"Nikae nje kwa nini? Mimi ndiye niko na hiyo damu."

"Hiyo damu ndiyo tunaogopa."

Nilikuwa nimesikia uvumi juu yake nikaupuuza. Mwalimu wa kwaya alikuwa na pikipiki, na mara mbili au tatu mvua ilipomkuta Mama Kerubo sokoni Nyaramba, yule bwana alimbeba. Basi. Ni hilo tu lililokuwepo, na mdomo wa watu ukajaza lililobaki.

"Unaogopa nini, shemeji? Sema hapa watu wasikie," Mama Kerubo akamwambia.

"Unajua mambo ya kwetu. Kama kuna kitu, kiri saa hii. Tutaita mtu atusafishie, uingie kwa mzee wako. Hakuna mtu atakugombeza. Wewe sema tu."

"Sina kitu cha kusema."

"Yaya, hapana, mama. Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Sina."

"Basi kaa nje."

Na huyo ni mzee wa kanisa. Mtu anayetusomea Maandiko kila Sabato, anayewakemea wanaoning'iniza hirizi kwa watoto, siku ile alikuwa tayari kuita mganga katika korido ya hospitali. Nilimwambia hivyo, kwa sauti. Akaniambia mimi ni mke wa watu, nisiingilie ukoo usio wangu.

Sista alikuwa mtu wa haraka. "Nyinyi mnanipotezea wakati. Mgonjwa yuko macho. Aseme mwenyewe." Akafungua mlango wote. Mwalimu alikuwa amelala pale, uso wa kijivu, lakini akili yake ilikuwepo. Alikuwa ametoka kumsahihisha daktari jina la mfupa. Sista akamwinamia. "Mwalimu, mama yuko hapa. Ni O hasi kama wewe, na yuko tayari. Tumtoe damu, tuipime, tukuongeze?"

Alituangalia mmoja mmoja. Alimwangalia kaka yake, akawaangalia watu wa kanisani, akaniangalia mimi, na mwisho akamwangalia mkewe aliyekuwa amesimama mkono umekunjwa mpaka begani. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru Mungu. Nilijua atasema nini, alinifundisha yeye.

"Tungojee ya Kisumu," akasema.

Alisema maneno matatu tu, kwa upole, kama anayeahirisha mtihani. Lakini kwetu alikuwa amesema yote. Mtu anayevuja damu, mkewe ana dawa yake mkononi, naye anasema tungojee, kuna mtu atauliza tena kama uvumi ni wa kweli? Hata waliokuwa na shaka waliiacha pale pale. Mwanamke mmoja wa kwaya alijivuta kando ili gauni lake lisimguse Mama Kerubo.

Mama Kerubo hakulia. Alimgeukia sista. "Wewe toa tu. Kama yeye hataki, kuna mwingine atataka." Akaenda, akalala kwenye kitanda, akatoa. Kesho yake sista alituita kando akatuambia kwamba msichana mmoja wa Gesima, aliyejifungua na kuvuja karibu afe, alikuwa ameketi anakunywa uji. Damu iliyosemwa itaua mtu ilikuwa imemwamsha mtu. Nilitaka tukamwambie Mwalimu. Mama Kerubo akasema, "Wacha. Yeye anaijua biolojia."

Ya Kisumu ilifika asubuhi ndani ya sanduku la barafu, naye akapona. Mguu ulibaki mfupi kidogo, akawa anachechemea.

Mke aliyezuiwa hivyo hawezi kumpokea mgonjwa nyumbani. Kabla Mwalimu hajaruhusiwa kutoka hospitali, Mama Kerubo alifunga nguo zake akarudi Suneka kwa kaka zake, angoje kuitwa. Alidhani ni wiki. Sote tulidhani ni wiki. Ilikuwa miaka.

Nilikuwa nikimtembelea likizo zote. Alipata kibanda cha kuuza ndizi karibu na stendi ya Suneka, na kicheko chake kilikuwepo bado, ila kilikuwa kimepungua urefu. Wazazi wa watoto wa chekechea ya huko hawakumpa watoto wao. Habari ilikuwa imevuka naye. "Sitaki mbuzi wa fidia," aliniambia. "Sitaki kuombwa msamaha na mtu hata mmoja. Nataka asimame kanisani siku ya Sabato, kaka yake akiwa pale mbele, aseme: mke wangu hakufanya. Akae chini. Nitarudi kesho yake na vikapu vyangu."

Na jambo lililonikera kuliko yote ni hili: Mwalimu alikuwa akienda kumwona. Ndiyo. Alikuwa akipanda gari asubuhi, akisema anaenda Kisii kwa daktari wa mguu, akishuka Suneka. Nilimkuta huko siku moja. Amevua viatu, anakula ugali na mboga za kienyeji kwa mkewe, wanacheka. Alikuwa amemletea sukari, majani chai ya shamba lao na redio ndogo. Kula alikuwa akila kwa mikono ya mwanamke ambaye korido nzima iliambiwa akimpa maji atakufa. Hakufa. Aliongeza mboga.

Nikaketi, nikamuuliza mbele ya mkewe, "Mwalimu, utasema lini?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Unajua kaka anaumwa na presha. Nangoja apate nafuu. Hili si jambo la kukurupuka."

"Lakini si unajua kwamba hakufanya?"

"Jamani! Mimi na huyu?" Akamshika mkewe mkono, kwa upendo wa kweli, nataka niliseme hilo, ulikuwa upendo wa kweli. "Hata kidogo. Hata siku moja."

"Umesikia?" Mama Kerubo akaniambia, akikusanya sahani. "Hapa nyumbani mimi ni malaika."

Mwalimu aliporudi Gesima jioni ile nilimwona akipita kanisani, kaka yake ameketi nje na wazee. Walimuuliza habari za mguu. Akawaambia daktari amesema unaendelea vizuri.

Nimejaribu miaka hii yote kujua kama alikuwa anaamini amasangia. Wakati mwingine nadhani ndiyo, kidogo, mahali fulani chini kabisa ambako shule haifiki. Ningemsamehe kwa hilo. Mtu anayekufa anaruhusiwa kuogopa. Lakini aliyepona, anayekula ugali Suneka, huyo alikuwa anaogopa nini? Aliendelea kwenda mashuleni, na fimbo yake, kuwaambia watoto watoe damu. Nilimsikia mara moja katika shule yetu, kutoka darasa la jirani, mbwa na maboma yao, watoto wakicheka palepale tulipocheka sisi. Nilifunga dirisha.

Mama Kerubo alianguka kwenye kibanda chake, asubuhi, akihesabu ndizi za mteja. Mshipa wa kichwani. Hakufika hospitali.

Ng'ombe za mahari zilikuwa zimetoka zamani, kwa hiyo mwili ni wa kwa mumewe. Wakamleta Gesima, na lango lililomkataa likafunguliwa pande zote mbili ili gari lipite. Waliokuja walikuwa wengi ajabu. Sisi kwa kumzika mtu hatushindwi. Waliojivuta kando koridoni walikuja na sufuria zao za kupikia. Kerubo hakupata ruhusa huko Katari. Kaka mkubwa aliongoza ibada. Walisema alikuwa mwalimu mzuri wa watoto. Walisema alipenda kuimba.

Kisha Mwalimu akapewa kipaza sauti. Alisimama na fimbo yake karibu na jeneza, suti imempwaya. Akasimulia kile kioo cha maabara, na tone lisiloshikana na dawa, na jinsi alivyosema huyu ni wangu. Watu walicheka huku wakifuta macho. Alisimulia vizuri. Nilikuwa nimeshika mkono wa dada wa marehemu, na nilihisi vidole vyake vinanibana, kwa sababu naye alielewa kwamba hapa ndipo. Kanisa lote lilikuwepo. Kaka mkubwa alikuwa mbele. Hakuna aliyebaki nyumbani.

"Kuna mambo yalitokea," Mwalimu akasema. "Nyinyi mnayajua, sitaki kurudi huko." Akaangalia umati, mstari kwa mstari, mpaka nyuma kwa waliosimama kwenye majani chai. "Nataka kusema mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Mke wangu huyu, nimemsamehe."

"Amina!" wakaitika, wote, kwa nguvu.

Nikasimama. Nikasema, "Amemsamehe nini?" Nilisema kwa sauti ya darasani, sauti yangu inafika. Lakini kwaya walikuwa wameshaanza wimbo, na kaka mkubwa akawapa ishara waendelee. Dada wa marehemu aliachia mkono wangu akaenda kukaa kwenye gari lililomleta.

Baada ya maziko nilimkuta Mwalimu nyuma ya jiko, peke yake, ameketi kwenye kigogo na sahani ya wali. Aliponiona alinisogezea nafasi.

"Nilisema vizuri?" akaniuliza. "Wewe ndiye mwalimu wa lugha."

"Ulimsamehe nini, Mwalimu?"

Akaacha kutafuna. "Umekasirika."

"Nimeuliza swali."

"Ile ni namna ya kusema tu. Watu walikuwa wanangoja kitu."

"Ulijua hakufanya."

"Nilijua." Alijibu mara moja, bila kuficha, na macho yakamjaa machozi. "Hata siku ile pale hospitalini, nilijua. Sijawahi kuwa na shaka naye hata saa moja."

"Basi nenda umwambie. Yuko pale. Hata leo nenda umwambie yeye mwenyewe."

Akainuka kweli. Aliweka sahani chini, akashika fimbo, akachungulia kwenye kona ya jiko. Kaburini vijana walikuwa wakishindilia udongo, na wazee wachache, kaka yake mmojawapo, walikuwa wamesimama wakizungumza. Mwalimu aliwatazama kwa muda, kisha akarudi akaketi.

"Ngoja kwanza watu waondoke," akasema.